Msikate Paa la Gemu za Zamani

Mkisikia gemu ya zamani inachezeka kwenye skrini za kisasa, wengi wenu wapenzi wa vitabu mnapita tu. Simameni kidogo. Hapo kuna uhariri mbovu, na mhariri hajaweka jina lake popote.

Chukua Half-Life ya 1998. Ilitengenezwa kwa skrini za 4:3, na pembe ya kuona, yaani kiasi cha ulimwengu kinachoingia machoni mwa mchezaji, iliwekwa nyuzi 90 kwa upana. Ukiipeleka kwenye skrini ya 16:9 bila kuzigusa hizo nyuzi 90, huongezewi kitu pembeni. Unakatiwa juu na chini, robo nzima ya kimo! Mitambo mirefu, dari, sakafu unayokanyaga, vyote vinapunguzwa, halafu unaambiwa hii ndiyo "pana". Marekebisho rasmi yalikuja 2023, gemu ikitimiza miaka 25.

Sasa fikiria mchapishaji anachukua shairi la mizani 16 kwa mshororo, anafyeka mizani 4 kila mstari kwa sababu kurasa zake za siku hizi hazitoshi. Si tungemla mzima? Hesabu ni ileile, robo kwa robo. Lakini kwenye gemu tunaambiwa "ah, ni mchezo tu."

BioShock ya 2007 nayo ilizua kelele za namna hiyo: wenye skrini pana waliona kidogo kuliko wenye 4:3. Watengenezaji walijitetea kwamba picha pana ndiyo waliyoikusudia, na hoja hiyo naielewa, ingawa kirekebisho walikitoa.

Dawa si uchawi. Kimo kiache kilivyo, fungua pembeni. Nyuzi 90 zinakuwa kama 106. Wapo watakaosema hata huko ni kumwongezea msanii maneno, bora nafasi nyeusi zibaki pembeni. Hao nawaheshimu, wapewe nafasi zao. Ila anayevuta picha mpaka sura za watu zinakuwa chapati, huyo hana la kuniambia. Wala anayepandisha hadi 120 ili amwone adui mapema asijiite mhifadhi.

Ninachodai ni namba moja, iwe kwenye menyu, isifichwe ndani ya faili la mipangilio. Resident Evil iliyotolewa upya 2015 ilikuwa na kazi ngumu zaidi, maana mandhari yake ni picha zilizochorwa tayari, hazipanuki. Bado mchezaji alipewa achague: 4:3 ya asili, au 16:9 ambayo picha inasogea juu na chini kumfuata. Kama wao waliweza, hawa wengine wanasubiri nini?