Ufundi Kijijini: Ubao Uliopinda



Mchonga mpingo akikosea, tezo huharibu kinyago. Wewe ukikosea kwenye mashine ya spindo, vidole hukatika. Visu vyake huzunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika.

Ubao wa kiti uliopinda hauwezi kuegemea ukingo ulionyooka wa mashine. Basi, fanya hivi:

1. Tengeneza kigezo chenye umbo unalotaka. Kiwe kirefu kuliko ubao, na kiwe na vishikio viwili.

2. Punguza ubao kwa msumeno karibu na mstari. Kisha ufunge imara kwenye kigezo.

3. Weka kifuniko cha visu.

4. Egemeza kigezo kwenye kijiti cha chuma kilichofungwa mezani. Kisha kiguse pete iliyo kwenye mhimili wa visu. Pete ndiyo inayoongoza kazi, si macho yako.

5. Sukuma kinyume cha mzunguko wa visu. Ukifuata mzunguko, ubao utanyakuliwa, na mkono utaufuata.

6. Kata kidogo kidogo.

Je, kigezo chako kina vishikio? Kama hakina, usiwashe mashine. Kiti kinaweza kungoja. Kidole hakioti tena.