Mama wa genge na mtu wa mkeka

Wiki hii tuingie kijiweni, hapa hapa Lemara, kwenye ile mada isiyoisha: mkeka. Mtu anaweka shilingi mia tano, mechi kumi, halafu anaanza kuhesabu mamilioni kabla refa hajapuliza filimbi!

Mshikaji wangu mmoja anaendesha bodaboda ya mkataba. Kila jioni lazima apeleke hesabu kwa bosi. Juzi juzi hesabu ya siku nne ilimezwa na mikeka, sasa pikipiki inanyemelewa na nyumbani kuna mtoto mchanga. Ukimwambia awe na subira anakujibu, "Mbona ninayo? Si nasubiri mkeka utiki!"

Tulicheka sana. Lakini hebu tuulize, subira inatoka wapi?

Ndani ya ubongo kuna kemikali mbili za kuzijua. Ya kwanza ni dopamini. Hiyo hupanda pale zawadi inapokuja bila kutegemewa, ndiyo maana mkeka mmoja ukitiki mtu hausahau. Ya pili ni serotonini. Watu huiita kemikali ya furaha, lakini kazi yake mojawapo ni kumsaidia kiumbe avumilie kungoja.

Mwaka 2018, watafiti wa Okinawa kule Japani walitoa matokeo ya majaribio ya panya. Panya alitakiwa atulize pua kwenye tundu akisubiri chakula. Wataalamu wakaziamsha kwa mwanga seli zake za serotonini. Chakula kilipokuwa kinakuja mara 75 kati ya 100, panya alivumilia muda mrefu zaidi. Kiliposhuka hadi mara 50, au 25, mwanga ule haukumwongezea uvumilivu. Kwa maneno mengine, serotonini ilisaidia pale tu panya alipokuwa na sababu ya kuamini kwamba chakula kipo.

Sasa piga hesabu ya mkeka. Tuseme kila mechi ni nusu kwa nusu. Mechi kumi, nafasi yako ni 1 kati ya 1,024. Hapo kaka unasubiri nini?

Mwangalie mama wa genge. Yumo kwenye mchezo, watu kumi, kila mmoja elfu tano kwa wiki. Zamu yake ni ya nane, na hana presha. Anamjua kijumbe, anawajua wenzake, ameona wa kwanza mpaka wa saba wakipewa elfu hamsini zao. Lakini kijumbe akitoroka, subira ya mama nayo imekwisha.

Kweli, panya si binadamu, na kichwa chetu kina mambo mengi. Na usikimbilie ndizi za Meru eti zina serotonini. Zinayo, ila ile ya kwenye chakula haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Kula mtori kwa sababu ni mtamu, basi.

Kwa hiyo, ukimwona kijana hatulii, usikimbilie kusema hana subira. Muulize kwanza kama kuna kitu cha uhakika anachokingoja. Yule mshikaji nimemwambia aombe namba kwenye mchezo ujao, hata ya kumi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.