Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo

Kwa miaka mingi watu wa Geita na Sengerema tulikuwa na kisingizio kimoja: kivuko. Mgonjwa mwenye barua ya rufaa kwenda Bugando alifika Busisi, akakuta kivuko kiko ng'ambo ya Kigongo, akasubiri. Tarehe 19 Juni, 2025 Daraja la J. P. Magufuli lilifunguliwa. Ziwa halituzuii tena. Wenzetu wa Shinyanga hawakuwa na ziwa la kuvuka, na bado wagonjwa wao walichelewa. Kwa nini?

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama mjamzito hucheleweshwa mara tatu: nyumbani katika kuamua, njiani katika kusafiri, na hospitalini katika kuhudumiwa. Daraja limepunguza kuchelewa kwa njiani tu. Kule kwa nyumbani ni kwetu wenyewe.

Mama anatokwa damu, nasi tunasema, "Tumsubiri baba arudi kutoka machimboni." Baba yuko duarani, simu haipatikani. Mama mkwe anasema tujaribu kwanza miti shamba. Jamani! Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa katika saa 2. Damu haimngojei baba.

Kwa hiyo kila familia iamue mapema, mimba ikiwa bado changa. Baba asipokuwepo, nani ataamua? Akiba ya fedha iko wapi? Nani atafuatana na mama, akiwa tayari kumtolea damu?

Dalili za hatari ni hizi: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, mtoto kuacha kucheza tumboni. Ukiona hata moja, usingoje. Piga 115 bila malipo. Ni namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa akina mama na watoto wachanga, uliojaribiwa kwanza huku kwetu Shinyanga na Sengerema.

Nanyi waganga wa zahanati, kuandika barua ya rufaa si kukiri kushindwa. Iandikeni asubuhi, mama akiwa bado na nguvu, mkaitaarifu hospitali kabla hajafika.

Jumuiya ndogo ndogo yenye mama mjamzito na ijiulize wiki hii: tukiitwa usiku, nani anatoka naye?