Muuguzi Anayebadilisha Maski Hachezi na Mtoto



Kuna maneno yanazunguka kwenye bomba la maji tangu mwezi uliopita, na mimi kama mhamasishaji wa afya nimechoka kuyajibu kwa mtu mmoja mmoja. Inasemwa kwamba muuguzi wa zamu ya usiku alifanya majaribio juu ya mtoto aliyezaliwa bila kulia. Alimwekea kitu usoni, akakitoa, akachukua kingine, akaweka tena. Bibi wa mtoto aliona hayo kutoka mlangoni akapiga kelele, na shangazi akaingia kutaka kumnyakua mtoto wao. Nilikuwepo, maana niliitwa kutafsiri. Muuguzi huyo anasema Kinyankole na Kiingereza, na familia ile inasema Kiswahili tu.

Ninasema wazi: muuguzi yule alifanya sawasawa. Na mtoto yupo, ananyonya. Lakini wiki hii mama mmoja wa bloku yetu, mwenye mimba ya miezi minane, ameniambia heri ajifungulie nyumbani kuliko mtoto wake kufanyiwa majaribio. Ndiyo maana naandika.

Mtoto yule alizaliwa kabla ya siku zake. Maski ya kwanza ilikuwa namba 1, ya mtoto aliyetimiza miezi. Kwake ilikuwa kubwa: ilipita kidevu na kufika machoni, hewa ikatokea pembeni na kifua hakikupanda. Muuguzi akachukua namba 0. Kifua kikapanda. Maski nzuri ni ile inayofunika ncha ya kidevu, mdomo na pua bila kugusa macho, na hilo huwezi kulijua kwa hakika mpaka umeiweka. Basi kubadilisha ni sehemu ya kazi yenyewe. Na dakika ya kwanza tangu kuzaliwa haitakiwi kupita mtoto asiyepumua akiwa bado hajaanza kupewa hewa. Mtu anayemvuta muuguzi mkono wakati huo anaila dakika hiyo.

Wengi wanafikiri kifaa cha kupumulia ni kimoja kwa watu wote, kama kikombe cha maji. Pigeni hesabu nami. Mtu mzima akipumzika huvuta karibu nusu lita ya hewa kwa pumzi moja. Mtoto mchanga wa kilo 3 anahitaji mililita 15 hadi 20 tu, yaani vijiko vitatu hadi vinne vya chai. Ule mfuko wa kubana kwa mkono ambao wauguzi wanauita ambu, wa mtu mzima hubeba karibu lita moja na nusu. Wa mtoto mchanga ni mdogo sana, karibu robo lita, na hata huo unabanwa kwa vidole tu. Ukichukua ule mkubwa ukaubana kwa nguvu juu ya mtoto mchanga, unaweza kupasua pafu lake au kumjaza hewa tumboni. (Ambu ni jina la kampuni ya Denmark. Daktari Henning Ruben na mhandisi Holger Hesse walikitoa kifaa hicho mwaka 1956. Hakihitaji umeme wala mtungi wa oksijeni, jambo ambalo sisi tunaokaa gizani tunajua thamani yake.)

Hata kichwa hakilazwi namna moja. Mtu mzima huinuliwa kidevu na kichwa kurudishwa nyuma. Mtoto mchanga ana kisogo kikubwa na shingo laini. Ukimrudisha sana nyuma unaifunga njia ya hewa uliyotaka kuifungua, kwa hiyo hulazwa uso ukitazama juu, na pengine kitambaa kidogo huwekwa chini ya mabega.

Wagonjwa wanaopelekwa hospitali kubwa kama ya Mbarara wanaweza kuwekewa mpira ndani ya njia ya hewa. Hapo kipimo ni kikali zaidi. Mtoto aliyetimiza miezi hutumia mpira wa upana wa milimita 3.5 hivi, mwanamke mzima karibu 7, mwanaume karibu 8. Kwa mtoto aliyepita miaka miwili, na mpira usio na puto, daktari hugawanya umri kwa 4 kisha huongeza 4: wa miaka minne anapata namba 5. Hata baada ya hesabu hiyo, huweka karibu na wa chini yake na wa juu yake, maana koo la mtu halijui hesabu. Ukiona mipira mitatu mezani, usiseme daktari hajui kazi.

Lakini sitawatetea wahudumu kwa kila kitu. Katika kituo kimoja tulichopita kabla ya kufika hapa, maski ndogo ilikuwa ndani ya kabati lililofungwa, na mwenye ufunguo amekwenda kwake kulala. Usiku ule dada yangu alijifungua. Mezani kulikuwa na maski ya mtu mzima peke yake. Walijaribu kuigeuza upande, hewa ikapotea yote. Mtoto hakuvuka usiku. Kifaa kilikuwepo, hatua kumi kutoka pale.

Kwa hiyo naomba kituo chetu kifanye jambo moja. Kila zamu inapoanza, ambu ya mtoto na maski namba 0 na namba 1 ziwe juu ya meza ya kujifungulia, zimejaribiwa kwa kubana mfuko mkono ukiwa umeziba maski, na aliyezijaribu atie sahihi daftarini. Zisifungiwe stoo kwa kuogopa wizi. Na ninyi akina baba mnaosindikiza, ulizeni kwa adabu kabla uchungu haujakolea: "Muuguzi, vifaa vya kupumulia vya mtoto viko tayari?" Swali hilo si utovu wa heshima. Mtoto akishatoka, nyamazeni mwacheni afanye.

Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mti karibu na ghala la chakula, muuguzi yule yule atakuja na mwanasesere na maski zote mbili, nami nitatafsiri. Kila mtu ataruhusiwa kushika na kubana. Yule mama wa miezi minane nimemwalika. Amejibu kwamba atakuja, lakini na mama mkwe wake.