Mwanao Akiumia Uwanjani, Nani Aamue?
Mwanao akigongwa kichwa katika mechi ya raga ya shule, kisha aduwae au alalamikie kizunguzungu, usimwachie kocha uamuzi. Kocha anasaka ushindi. Mhudumu wa huduma ya kwanza humtoa uwanjani. Siku hiyo hachezi tena, hata akiapa yu mzima. Daktari humpima, na ndiye atoaye ruhusa ya kurudi mchezoni. Goti likiteguka, mtaalamu wa viungo humpa mazoezi ya kulirejeshea nguvu. Mchuaji hulegeza misuli iliyokaza, lakini mfupa uliovunjika haumhusu. Nawe mzazi una zamu yako: usiku huo mchunge. Akitapika tena na tena au asiamshike, mkimbize hospitalini. Kombe litashindaniwa tena mwakani. Kichwa ni kimoja tu.