Usituambie "Ni Bahati Tu", Tupigie Hesabu

Jamani, kuna jibu linalonikera kuliko tarakilishi iliyoganda: "ilikuwa bahati tu." Basari zinagawanywa kwa bahati nasibu, majina ya upande mmoja yanatoka kila mwaka, na ukiuliza unajibiwa hivyo. Siku hizi wanaongeza, "majina yalichaguliwa na kompyuta." Basi tupige hesabu.

Huko New Jersey, Marekani, Nicholas Caputo alikuwa karani wa kaunti ya Essex na mfuasi wa Democratic. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuchomoa jina ili kuamua chama kipi kitangulie kwenye karatasi ya uchaguzi. Katika mara 41, Democratic walitangulia mara 40! Republican wakashtaki, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikatoa uamuzi.

Mtetezi wa bahati atakwambia kila orodha ya matokeo 41 ina uwezekano sawa, na hiyo ni mojawapo tu. Ni kweli, orodha zote ni 2^41, yaani 2,199,023,255,552. Lakini hapo ndipo tunapochezewa akili. Tusiulize kuhusu orodha moja. Tuulize: ni orodha ngapi zinazopendelea chama kimoja kiasi hicho au zaidi?

Hii ndiyo kazi ya michanganyiko. Njia za kuchagua mara 1 ya kukosa kati ya 41 ni 41. Njia ya kutokosa kabisa ni 1. Jumla 42. Sasa linganisha: njia za kutangulia mara 20 kati ya 41 ni 269,128,937,220. Gawanya 42 kwa orodha zote, unapata takriban 1 kwa bilioni 52.

Hesabu haimtaji mwizi. Mahakama yenyewe haikumwadhibu Caputo, ilipendekeza tu utaratibu ubadilishwe ili watu warudishe imani. Lakini hesabu inatosha kumnyima mtu haki ya kujificha nyuma ya neno "bahati".

Nanyi wenzangu mnaoandika programu za kuchagua majina, acheni kukubali kuwa pazia. Orodha kamili itangazwe kabla ya kuchagua, msimbo uwe wazi, na matokeo ya miaka yote yahifadhiwe ili yeyote ahesabu. Anayekataa hayo, muulizeni anaogopa namba gani.