Ugonjwa Ukaao Chini ya Wayo



Ikitajwa saratani ya ngozi hapa Mwembesongo, mawazo ya watu huwaendea ndugu zetu wenye ualbino. Si ajabu, jua huwadhuru wao kuliko wengine. Lakini iko saratani nyingine, jina lake melanoma, ambayo kwa mtu mweusi haingoji jua. Hupenda kukaa wayoni, kiganjani na chini ya ukucha. Bob Marley, ambaye vijana wamjua kwa nyimbo zake, alifariki Mei 1981, umri wake miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

Mtu ashukaye Uluguru na mkungu wa ndizi akiona baka jeusi wayoni husema amejikwaa, basi. Twaosha miguu mara tano kwa siku tunapotawadha. Maji yafika chini ya wayo, macho hayafiki. Baka linalotanuka, lenye kingo zisizo sawa, au kidonda kisichopona, hayo yaonyeshwe daktari, wala yasikatwe kwa wembe nyumbani. Mistari myeusi ya kucha ni ya kawaida kwetu. Ushukiwe ule mpya, ulio peke yake, unaozidi kupanuka.

Neno tulilokusudia hasa ni juu ya mgonjwa ambaye melanoma yake imekwisha enea, naye yumo katika matibabu. Jamaa hudhani kwamba akianza dawa, kazi ya kuitazama ngozi yake imekwisha. La, hasha! Mathalani viko vidonge viitwavyo vemurafenib, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 2011. Huzizuia seli za melanoma zenye badiliko fulani la urithi zisikue. Lakini seli nyingine za ngozi, zilizokuwa zimelala na kasoro ya namna nyingine, huziamsha. Katika majaribio, takriban mgonjwa mmoja katika watano aliota saratani mpya ya ngozi isiyo melanoma, mara nyingi katika miezi ya mwanzo. Uvimbe huo ukionekana mapema hukatwa ukaisha. Ndiyo sababu ngozi hukaguliwa kabla ya dawa, kisha kila miezi 2, na hata miezi 6 baada ya kuiacha.

Ni kweli kwamba melanoma ya wayo mara chache huwa na badiliko hilo, na dawa zenyewe ni ghali mno. Walakini ukaguzi haumwepuki mgonjwa wa dawa yo yote, kwa kuwa melanoma yenyewe yaweza kurudi, au nyingine kuota pengine. Dawa za kuamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumab, huweza kuleta mabaka meupe. Jirani asiyejua ataita ukoma au uchawi. Si ukoma, wala hayaambukizi. Na mara nyingi huwapata wale ambao dawa yawafaa.

Mgonjwa hawezi kuutazama mgongo wake. Mke amtazame mumewe, mume mkewe, binti mama yake, mchana penye mwanga: utosini, nyuma ya masikio, baina ya vidole. Haya isizuie. Lionekanalo liandikwe pamoja na tarehe yake, na karatasi hiyo ichukuliwe siku ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Daktari atauliza kwanza lilianza lini.